Pumzi Zinapobadili Mwendo

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, wala hana habari nazo. Kazi hiyo huongozwa na sehemu ya chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo. Wengi hudhani kuwa kinachotuhimiza kupumua ni upungufu wa oksijeni. Sivyo, kwa kawaida ni kuzidi kwa hewa ya ukaa, ambayo huyeyuka katika damu na kuzaa asidi. Kwa hiyo mapafu, mbali na kutuletea oksijeni, ni mlango wa kutolea asidi mwilini.

Mwaka 1874 Adolf Kussmaul, daktari Mjerumani wa Freiburg, aliandika juu ya wagonjwa watatu wa kisukari waliokuwa mahututi. Pumzi zao zilikuwa za kina na zenye nguvu, kama za mtu aliyetoka mbioni, ilhali walikuwa wamelala kitandani na njia zao za hewa zilikuwa wazi. Leo sababu yajulikana. Mwili uliokosa insulini hushindwa kuitumia sukari, ukageukia kuyachoma mafuta, na damu ikajaa asidi. Ubongo ukiitambua hali hiyo huyaamuru mapafu yatoe hewa ya ukaa kwa wingi ili asidi ipungue. Mgonjwa huyo, basi, haugui mapafu. Mapafu ndiyo yanayompigania. Pengine pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Kichomi huonekana kwa namna nyingine. Pumzi za mtoto huwa za haraka na fupi, na sehemu ya chini ya kifua huweza kubonyea ndani kila avutapo hewa. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, ashukiwe kuwa na kichomi. Hesabu ichukue dakika nzima, naye awe ametulia. Ya mtoto anayelia haina maana.

Hatari ni kuzichanganya hali hizi, hasa kwa kuwa malaria kali nayo huweza kuijaza damu asidi. Mwaka 1995 watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kuwa taabu ya kupumua na kupungukiwa na fahamu ni dalili kuu za malaria inayoweza kuua watoto. Kila pumzi nzito, basi, ni ya kupelekwa hospitali upesi. Lakini mtoto ambaye kwa majuma kadhaa amekuwa akinywa maji mengi, akikojoa mara kwa mara, pengine hata kitandani alikokwisha kuacha, na huku akikonda, apimwe sukari papo hapo. Tone moja la damu ya kidoleni latosha. Akitibiwa kichomi peke yake, hupotezewa saa zile zile ambazo maji ya mshipani na insulini vingemwokoa.