Mpiga Picha Humpigia Nani Picha?

Kila mwenye somo hili lililochapwa na alifungue, asome pamoja nami polepole. Nawe mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: mpiga picha, mpigwa picha, mtazamaji. Katika maneno hayo matatu mna somo letu lote la leo.

Swali letu ni hili. Mpiga picha anapofanya kazi yake, je, hujifanyia mwenyewe, au huwafanyia watu watakaoitazama picha? Msijibu upesi. Kwanza tuwaangalie watu wawili, mwanamume wa Mali na mwanamke wa Marekani.

Mwanamume huyo aliitwa Seydou Keïta. Alizaliwa mjini Bamako karibu na mwaka 1921, akajifunza useremala. Alipokuwa kijana, mzee mmoja wa jamaa yake alirudi kutoka safari ya Senegal, akamletea kamera ndogo. Kijana akaipenda kazi hiyo, na mwaka 1948 akafungua studio yake.

Kazi yake ilikuwaje? Mteja alifika na nguo zake nzuri. Asiye na suti aliazimwa suti na tai. Palikuwa na saa za mkono, kalamu, redio, hata pikipiki ya Vespa, ili mteja apigwe picha pamoja na kitu alichokipenda. Nyuma ya mteja Keïta alitundika kitambaa. Kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe! Na kwa kuwa filamu iligharimu fedha nyingi, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Basi ilimpasa fundi atazame vizuri kabla ya kubonyeza kamera.

Labda mtasema, "Huyu alifanya kazi kwa ajili ya watu." Ni kweli. Mteja ndiye aliyelipa, na ndiye aliyeipeleka picha kwa mchumba, kwa mama, au kwa ndugu aliye mbali. Lakini ni nani aliyemwambia mteja ageuze bega kidogo? Ni nani aliyechagua kitambaa cha maua kikae nyuma ya gauni la maua? Ni Keïta. Mfikirieni seremala. Kiti ni cha mteja, lakini mkono ni wa fundi. Ukiingia nyumba tatu ukakuta viti vitatu vya fundi mmoja, utaujua mkono wake.

Sasa tumwangalie mwanamke. Jina lake Vivian Maier. Alizaliwa New York mwaka 1926, na tangu mwaka 1956 aliishi Chicago na pande zake. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu, yaani alikuwa yaya. Alipotoka na watoto kutembea, kamera ilikuwa shingoni mwake. Kamera yake ilikuwa ya namna inayoshikwa tumboni, na mpigaji hutazama chini ndani yake. Kwa hiyo wapita njia wengi hawakutambua kwamba wanapigwa picha. Alipiga wazee, watoto, maskini na matajiri. Alijipiga mwenyewe pia, katika vioo vya maduka na katika kivuli chake.

Alipiga picha zaidi ya 100,000. Watu wachache sana waliziona. Filamu nyingi hata hazikusafishwa, kwa hiyo yeye mwenyewe hakupata kuziona. Aliziweka masandukuni, na masanduku akayaweka katika ghala la kukodi. Alipokuwa mzee kodi ilimshinda, na mwaka 2007 mali yake ikauzwa mnadani. Walionunua wakashangaa walipoona uzuri wa picha zile. Vivian Maier alifariki mwaka 2009, kabla sifa zake hazijaenea duniani.

Je, huyu alijifanyia mwenyewe? Wengi husema hivyo. Hakuuza, hakutafuta sifa. Alipenda kuona, na kamera ilimsaidia kuona. Lakini mbona hakuzitupa? Mtu ahifadhiye kitu miaka arobaini hakukiona bure. Pengine alimngoja mtazamaji, pengine fedha zilimpungukia. Hakusema, nasi hatuna haki ya kumsemea.

Angalieni sasa jambo la ajabu. Picha za Keïta zilipigwa kwa ajili ya jamaa za Bamako. Mwaka 1991 baadhi yake zilionyeshwa New York, na aliyezipiga hakutajwa jina, kwa sababu walioziweka ukutani hawakumjua. Mwaka 1994 zikaonyeshwa Paris, safari hii kwa jina lake. Watu wasiowajua wale wateja walizitazama na kuzisifu. Kwa hiyo aliyewafanyia watu alipata watazamaji ambao hakuwawazia, na yule aliyejifanyia mwenyewe akawapata vilevile.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba mpiga picha humchagua mtazamaji wa kwanza tu. Kwa Keïta alikuwa mteja. Kwa Maier alikuwa yeye mwenyewe. Mtazamaji wa pili na wa tatu huja wenyewe, bila kuitwa. Anayewafanyia watu ana faida ya kuambiwa, "Hii nzuri, hii mbaya." Anayejifanyia mwenyewe ana uhuru, lakini hana wa kumwambia.

Turudi ubaoni. Neno la katikati ni mpigwa picha. Huyu husahauliwa mara nyingi. Mteja wa Keïta alikuja kwa hiari yake. Mpita njia wa Chicago hakuulizwa. Siku hizi, watu wengi wanapotembea na kamera ndani ya simu, jambo hili latuhusu sote. Kabla hujabonyeza, jiulize maswali mawili: Nampigia nani? Na huyu ninayempiga, amekubali?

Hata ninyi mnaojifunza kuandika mna swali hilohilo. Barua humwandikia mwenzio. Daftari lako hujiandikia mwenyewe. Lakini daftari huweza kusomwa na mjukuu wako. Basi andika vizuri pote pawili.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini Keïta alitazama kwa makini kabla ya kupiga picha?
2. Je, ilikuwa haki kuonyesha picha za Vivian Maier? Toa sababu.
3. Leteni picha moja ya zamani kutoka nyumbani. Ilipigwa kwa ajili ya nani, na leo inatazamwa na nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.