Pulsa katika Mabumba ya Nyota: Tatizo la Istilahi

Mfasiri wa habari za elimu ya nyota hukutana na dhana mbili ambazo, zikipewa majina kwa pupa, humpotosha mwanafunzi. Yafaa tuzieleze kwanza, ndipo tuzipe majina.

Dhana ya kwanza ni maelfu kwa malaki ya nyota za kale, zilizosongamana kwa nguvu ya uvutano hata zikafanya umbo la tufe. Neno “kundinyota” halifai, kwani limekwisha kuzoeleka kwa nyota zinazoonekana tu kama zimekaribiana. Twapendekeza “bumba la nyota”, kwa mfano wa bumba la nyuki. Mwalimu wa Kifanya, huko Njombe, aweza kuwaonyesha wanafunzi wake bumba moja, Omega Centauri, upande wa kusini, usiku wa Mei usio na ukungu. Huonekana kama nyota hafifu.

Dhana ya pili ni kitu alichokigundua Jocelyn Bell, Cambridge, Uingereza, mwaka 1967: kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka. Kiini hicho huzunguka upesi, na mwali wake wa mawimbi ya redio hutupitia kama mwanga wa mnara wa taa. Kukiita “nyota pwitaji” ni kosa, kwa kuwa hakipwiti bali chazunguka. Tena zipo nyota nyingine ambazo kweli hutanuka na kusinyaa; jina hilo tuziachie hizo. Hapa neno la mkopo, “pulsa”, ni salama zaidi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kuwa baadhi ya mabumba yana vyanzo vikali vya eksirei. Humo, viini vya namna hiyo hunyonya gesi ya nyota jirani, na kwa hiyo huongezewa kasi ya kuzunguka.

Mwaka 1987 darubini ya redio ya Jodrell Bank, Uingereza, iliwezesha kupatikana kwa pulsa ya kwanza ndani ya bumba, lile la M28. Pulsa hiyo huzunguka mara 327 kwa sekunde. Kufikia mwaka 2024, bumba la Terzan 5 peke yake lilijulikana kuwa na pulsa 49, kwa kazi ya darubini za Green Bank, Marekani, na MeerKAT, Afrika Kusini.

Twawaomba walimu na wafasiri wayapime majina haya kwa kuyatumia.