Kibaba cha Mfuto, Kibaba cha Tele

Chomeka flashi ya gigabaiti 64 kwenye kompyuta ya Windows, nayo itakwambia ina 59 na ushei. Mteja wa Mocímboa da Praia, kama mwenzake wa Mtwara ng'ambo ya Ruvuma, hukimbilia neno moja: feki. Feki zipo, tena tele, lakini gigabaiti hizo zilizopungua hakuna aliyeziiba.

Wazee wa pwani walishayaona haya kwenye nafaka. Pishi ni vibaba vinne, ila kibaba kilikuwa na namna mbili: cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na cha tele, kilichorundikwa hadi kikafanya kilima. Aliyeuza kwa mfuto na aliyetarajia tele wangegombana mpaka magharibi, na wote wawili ni wakweli.

Kiwanda cha diski huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1. Windows huhesabu 1,073,741,824, kisha huandika jina lilelile. Mwaka 1998 shirika la viwango la IEC lilikipa kipimo hiki cha pili jina lake, gibibaiti, lakini madukani halijashika. Huko Marekani ugomvi ulifika mahakamani, na mwaka 2006 Western Digital ilikubaliana na wateja wake kumaliza kesi.

Kwenye mitambo mikubwa ya benki au kampuni ya simu, vibaba ni vingi zaidi. Chukua diski 10 za terabaiti 8. Mhasibu aliyezilipia ana 80. Fundi ametenga nafasi ya diski mbili, ili mbili zikifa data isipotee: zimebaki 64. Kompyuta inasoma kwa kipimo chake: 58. Meneja ameshaziahidi idara zake terabaiti 100, maana hakuna idara inayojaza fungu lake siku ya kwanza. Muuzaji naye anataja 174, akitegemea mtambo ubane data na kuondoa marudio kwa uwiano wa tatu kwa moja. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kutilia shaka: picha na video zilizokwisha kubanwa hazibaniki tena.

Halafu kuna madaraja. Mafaili ya kila siku hukaa kwenye diski za kasi, ambazo ni ghali. Ya mwaka juzi hushushwa kwenye diski za polepole au kanda za sumaku. Juu hubaki alama tu. Uliza ukubwa wa faili, utaambiwa megabaiti 500. Uliza limekalia nafasi gani pale juu, ni kilobaiti chache.

Katika zile terabaiti 22 "zilizopotea" kati ya 80 na 58, hesabu imemeza sita tu. Kumi na sita ni ulinzi, na Mocímboa inajua thamani yake. Mji ulitekwa na waasi Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021 na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Wakimbizi wengi wa mkoa huo wa Cabo Delgado walitoka bila kitambulisho wala cheti cha kuzaliwa, ikabidi shirika la wakimbizi la UNHCR na Chuo Kikuu Katoliki cha Msumbiji wawasaidie kupata vingine. Data nayo ni hivyo: jengo likiungua, hata diski mbili za ulinzi huungua nalo. Nakala nyingine sharti iwe mji mwingine, nayo hula nafasi yake.

Kwa hiyo ofisi inayonunua mtambo iulize kabla ya kulipa: baada ya ulinzi na nakala, bila kubana chochote, zinabaki ngapi, na kwa kipimo kipi? Jibu liandikwe kwenye mkataba.