Kabla Mzee Hajauza Kiwanja: Njia ya Kuwa Rubani wa Helikopta

Wanachuo wenzangu, tangu nirudi kutoka mwaka wa kuahirisha masomo, sipiti kantini bila kuulizwa: "Rubani, kusomea chopa ni shilingi ngapi?" Swali ni zuri, ila halijakamilika. Hapa nitaeleza hatua zenyewe, kisha nitafika kwenye swali ambalo mimi naona ndilo lenye uzito. Nina leseni ya rubani binafsi wa helikopta na saa 52 tu za kuruka, kwa hiyo siandiki kama bingwa. Naandika kama mtu aliye katikati ya safari, ambaye nyumbani kwao kikao cha kuamua kama kiwanja kiuzwe bado hakijafungwa.

Tuanze na karatasi. Leseni ziko ngazi tatu. Ya kwanza ni ya rubani binafsi: uwe na miaka 17 na saa 40 za kuruka. Kwa hiyo unaweza kuruka na kubeba jamaa zako, lakini huruhusiwi kulipwa. Ya pili ni ya biashara, na hiyo ndiyo leseni ya kazi: miaka 18 na saa 150, au 100 kama umesoma kozi iliyoidhinishwa mwanzo hadi mwisho. Ya tatu, ya juu kabisa, inataka miaka 21 na saa 1,000. Hivi ni viwango vya chini vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Mamlaka za nchi, kama TCAA hapa kwetu, hutunga kanuni zake kwa kuvizingatia.

Zile saa 150 haziji ovyo ovyo. Ndani yake lazima 35 uwe wewe ndiye rubani mkuu, na 10 kati ya hizo ziwe za safari za masafa. Saa nyingine 10 ni za kufundishwa kuruka kwa kutazama vyombo badala ya kutazama nje. Ukitaka kuruka usiku, kuna saa 5 za usiku.

Darasani kuna maeneo tisa: sheria za anga, ufahamu wa chombo, utendaji na upakiaji, mwili wa binadamu, hali ya hewa, kutafuta njia, taratibu za uendeshaji, kanuni za kuruka na mawasiliano ya redio. Aliyezoea kukesha siku mbili kabla ya mtihani halafu asubiri sapu, huku atapata tabu, maana ulichosoma Jumatatu unaulizwa Jumanne mkiwa angani. Pia unapimwa Kiingereza cha redioni. Ngazi ziko 6, na ya chini inayokubalika ni ya 4. Ukiwa kwenye ya 4 unapimwa tena kila baada ya miaka mitatu.

Halafu kuna afya. Leseni ya biashara inadai cheti cha afya cha daraja la kwanza: macho, masikio, moyo, damu, akili. Wadau, hiki kipimo kifanyeni mwanzo kabisa, kabla ya kulipa ada yoyote. Uzito nao una hesabu yake. Robinson R22, helikopta ndogo ya viti viwili inayotumika sana kufundishia duniani, kiti chake kimoja hakitakiwi kuzidi kilo 109 pamoja na mzigo ulio chini yake. Chombo chote kikiwa na watu na mafuta kisizidi kilo 622. Mwanafunzi na mwalimu wakiwa wote wanene, mafuta yanapunguzwa.

Sasa twende kwenye kiti. Kwenye ndege ya kawaida rubani mkuu hukaa kushoto, lakini kwenye helikopta nyingi hukaa kulia. Mkono wa kushoto unashika wenzo unaoongeza au kupunguza mlalo wa mapanga yote kwa pamoja, na hivyo unapanda au unashuka. Mkono wa kulia unashika usukani unaoliinamisha duara la mapanga: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Miguu iko kwenye pedali za rota ya mkia, ambazo zinageuza pua.

Ugumu ni kwamba hakuna kinachofanya kazi peke yake. Ukiinua mkono wa kushoto, injini inafanya kazi zaidi. Injini ikizungusha mapanga kwa nguvu zaidi upande mmoja, mwili wa chombo unataka kuzunguka upande wa pili, kwa hiyo lazima ukanyage pedali. Ukikanyaga pedali, rota ya mkia inakusukuma kando, kwa hiyo mkono wa kulia urekebishe. Kuelea mahali pamoja, mita moja juu ya nyasi, ndiyo kazi iliyonitoa jasho kuliko zote. Saa tano za mwanzo nilikuwa nayumba uwanja mzima. Kisha siku moja mikono ikaacha kuniuliza maswali.

Siku mwalimu anaposhuka na kukuacha peke yako, chombo kinabadilika tabia. Uzito wake umetoka upande wa kushoto, kwa hiyo mguu wa kulia wa helikopta unaning'inia chini kuliko wa kushoto, na kinanyanyuka upesi kuliko ulivyozoea. Unaambiwa mapema, lakini mwili unajifunza palepale.

Watu wengi wanaamini injini ikizima helikopta inadondoka kama jiwe. Si kweli. Ukishusha mkono wa kushoto mara moja, mapanga yanalala, na hewa inayopita kutoka chini kwenda juu inayazungusha bila injini. Unashuka kwa kasi, lakini unaongoza. Karibu na ardhi unainua pua kupunguza mwendo, halafu unatumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua taratibu. Neno lenye uzito hapo ni "mara moja". Mapanga ya R22 ni mepesi, kwa hiyo muda wa kuitikia ni kama sekunde moja hivi. Ukichelewa, kasi ya mapanga inashuka kiasi ambacho hairudi tena. Kwa sababu hiyo, kule Marekani tangu mwaka 1995 kuna kanuni maalumu inayodai mafunzo ya ziada kwa wanaorusha R22 na R44.

Mwinuko nao unabadilisha mambo. Uwanja wa Dar es Salaam uko karibu usawa wa bahari, wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu. Hewa ya Arusha ni nyepesi zaidi, na mchana wa joto inazidi kuwa nyepesi. Mapanga yanashika hewa kidogo, injini nayo inapumua kidogo. Mzigo uliobebeka Dar unaweza usibebeke Arusha. Ndiyo maana uokoaji kwenye Mlima Kilimanjaro ni kazi ya mashine zenye injini za tabaini na marubani waliokomaa. Mwaka 2005 Mfaransa Didier Delsalle alitua helikopta juu ya kilele cha Everest, lakini huyo alikuwa rubani wa majaribio, siyo mhitimu wa juzi.

Na hapo ndipo tunafika kwenye hela. Chukua bei ya saa moja uliyopewa na chuo, zidisha kwa 150. Kwa mfano tu, saa ikiwa dola 350, jibu ni dola 52,500, kabla ya chakula, malazi, mitihani na vipimo. Boom la miaka minne halifiki hata robo yake. Kwa familia nyingi, hicho ni kiwanja, ng'ombe na mkopo wa baba mdogo kwa pamoja.

Mzee wangu alisikiliza hesabu yote hiyo kimya. Kisha akauliza: "Mwanangu, nikiuza, kazi unaanza lini?"

Hilo ndilo swali. Leseni ya biashara inakuruhusu kulipwa, haikupi wa kukulipa. Kampuni za utalii, uokoaji, ulinzi wa wanyamapori na gesi ya baharini mara nyingi zinataka rubani mwenye saa 1,000 au zaidi, tena awe amerusha mashine za tabaini, kwa sababu bima zao na wateja wao wanadai hivyo. Kati ya saa 150 na 1,000 kuna bonde. Marekani, wengi wanalivuka kwa kuwa waalimu: wanalipwa huku wakihesabu saa. Hata huko, kufundisha kwenye R22 kunadai uwe na saa 200 za helikopta kwanza. Kwetu helikopta za kufundishia ni chache mno, kwa hiyo daraja hilo ni jembamba. Njia nyingine ni jeshi, ambako mafunzo unalipiwa, lakini unaingia kama askari, kwa masharti ya askari, na hawakuahidi chopa.

Sisemi msiende. Mimi mwenyewe nataka kwenda. Nilichomwomba Mzee ni kwamba kiwanja kisubiri nimalize digrii ya uhandisi, niingie kwenye matengenezo ya ndege, niwe karibu na mashine na watu wanaoajiri. Yeye anaona kusubiri ni kupoteza umri. Mama yuko upande wangu. Bado tunajadiliana.

Wewe unayeniuliza kantini, fanya hivi: pima afya, lipia safari moja tu ya majaribio, usilipe ada yote kwa mkupuo kwa chuo chochote, na waulize wahitimu wake wa miaka miwili iliyopita wako wapi leo. Halafu kaa na wazazi uwajibu swali moja bila kupepesa macho: saa ya 151 utairukia wapi, na kwa hela ya nani?