Kodi Yako Ni Moto Lakini Hakuna Mtu Anaielewa? Soma Hii Kabla Ikukoseshe Doo

Leo tuweke udaku kando kiasi. Najua umekuja kuona nani ameachwa na nani amenunua ndai mpya, lakini hii stori inahusu ganji, so tulia hapo.

Kama wewe ni wale wasee wamejifunza kodi kwa YouTube (naongelea kodi ya kompyuta, si ile landlord hukujia tarehe 5), hii ni yako kabisa. Na hata kama hujui kodi lakini unajua kuandika, usitoke. Kuna kitu yako huku chini.

Acha nianze na vile nilichomeka.

Mimi campo niliachia mwaka wa pili, fees ilikataa. Nikabaki na lapi ya mtumba na bando za usiku. Siku moja nikapata kagigi. Sacco fulani ya mat ilikuwa inataka ukurasa wa watu kulipia mizigo. Mfumo wao ulikuwa umejengwa na developa mwingine, na ndani yake kulikuwa na API ya kuitisha malipo ya M-Pesa. Kazi yangu ilikuwa tu kuunganisha ukurasa wangu na hiyo API. Siku tatu, thao 40. Nikajiambia nimeomoka.

Kwanza, API ni nini?

Ichukulie kama dirisha la kibanda cha chapo madondo. Wewe huingii jikoni. Unasimama dirishani, unaagiza kwa njia wanaelewa, unapewa sahani. Dokumentesheni ndiyo menu ya ukutani: inakushow kuna nini, unaagiza aje, na ukikosea utaambiwa nini.

Sasa hii API ya sacco haikuwa na menu. Hata karatasi moja zii. Nikituma ombi, inanirudishia kosa namba 400, yaani "umeomba vibaya". Vibaya aje? Kimya.

Usiku wa kwanza nikalala saa tisa. Kumbe nilikuwa natuma namba ya simu ikianza na 07, na yenyewe inataka ianze na 254, bila alama ya kujumlisha. Usiku wa pili, kumbe kiasi cha pesa lazima kiwe namba kamili. Ukiweka senti, inakataa. Nikarekebisha, ikashika, nikaita mwenyekiti wa sacco nimwonyeshe. Mzee amekuja, amevaa miwani, ananiangalia. Ikakataa tena. Kumbe tokeni ya kuingilia inakufa baada ya saa moja na lazima uombe ingine. Na si tokeni za stima hizo, hizi hakuna mtu anakukumbusha.

Jamaa aliyejenga mfumo alikuwa ameruka majuu, simu ni mteja tu. Siku 3 zikakuwa 8. Mwenyekiti akanilipa nusu na kazi iliyobaki akapea mtu mwingine. Mistari mitatu ya maelezo ingeniokolea thao 20. Mitatu, buda.

So swali ni, ukijenga kitu yako utatumia nini kuandika hayo maelezo? Vifaa ni vingi na watu hubishana juu yavyo kama mashabiki wa Gor na Ingwe. Tuviweke kwa mafungu.

1. README: ya kila mtu, haina kisingizio

Hii ni faili moja inakaa ndani ya folda ya mradi wako. Ukiweka mradi GitHub, hiyo faili ndiyo mtu anaona kwanza akifungua. Inaandikwa kwa Markdown, mtindo uliotolewa na John Gruber mwaka wa 2004. Alama ya reli inakupa kichwa cha habari, nyota mbili kila upande zinakolezea neno. Umemaliza kujifunza hapo.

Weka vitu vinne: mradi unafanya nini, unaiwasha aje, mfano mmoja unaofanya kazi, na mitego. Mitego ni zile 254 zangu. Kama mradi ni mdogo, README inatosha. Usijenge ghorofa na unafuga kuku wawili.

2. Maelezo yanayotoka ndani ya kodi

Hapa unaandika komenti juu ya kila fankisheni kwa mpangilio fulani, halafu kifaa kinazikusanya na kutengeneza kurasa. Wasee wa Java wana Javadoc. JavaScript ina JSDoc. C na C++ wanatumia sana Doxygen. Python wana Sphinx, ambayo ilitoka 2008 na ilijengwa kwa ajili ya maelezo ya Python yenyewe.

Utamu wake ni kwamba maelezo yanakaa karibu na kodi, so ukibadilisha kodi unayaona hapo hapo. Ubaya ni kwamba yanasema kila kifaa ni nini lakini hayasemi uanzie wapi. Ni kama kupewa majina ya stage zote za Nairobi bila kuambiwa upande mat gani. Chagua hii kama unajenga maktaba ya kodi ambayo madevelopa wengine wataitumia.

3. Kama ni API, anza na OpenAPI

Hii shika vizuri. OpenAPI si apu. Ni mkataba: faili moja, mara nyingi ya YAML ama JSON, inayosema API yako ina njia zipi, kila njia inataka nini, na inarudisha nini. Zamani ilikuwa inaitwa Swagger. Mwisho wa 2015 ikapewa OpenAPI Initiative chini ya Linux Foundation, na 2016 ikaanza kuitwa OpenAPI. Ndiyo maana utasikia wasee wakichanganya hayo majina mawili. Siku hizi Swagger ni jina la vifaa vinavyosoma hiyo faili.

Ukishaandika hiyo faili moja, unachagua sura. Swagger UI inakupa ukurasa wenye kitufe cha kujaribu ombi hapo hapo. Redoc inakupa ukurasa msafi wa kusoma, kama kitabu. Faili ni ile ile, so ukichoka na sura moja unabadilisha bila kuandika upya.

Na kama unajenga na FastAPI ya Python, hiyo faili inajitengeneza yenyewe kutoka kwa kodi yako. Unafungua njia ya /docs unapata Swagger UI, /redoc unapata Redoc. Hujalipa hata ndururu. Lakini usilale: itajua namba ya simu ni maandishi, haitajua lazima ianze na 254 kama hujaiambia.

Postman nayo ilianza kama kitu ya kujaribu API. Kama tayari unaitumia, maombi yako uliyohifadhi inaweza kuyageuza maelezo. Ni fiti kwa timu ndogo yenye haraka.

4. Ukihitaji websaiti nzima

Mradi ukikua, README inajaa kama mat ya Githurai saa kumi na mbili jioni. Hapo unahama. MkDocs inachukua faili zako za Markdown na kuzigeuza websaiti. Mipangilio yake ni faili moja tu, so ni rahisi kuanza nayo. Docusaurus, iliyotoka Facebook, inatumia React na inakusaidia ukiwa na matoleo kadhaa ya mfumo ama lugha zaidi ya moja, lakini lazima ujue JavaScript kiasi. Read the Docs inakuwekea maelezo hewani na kuyajenga upya kila ukibadilisha kodi. GitBook ni ya kubofya na kuandika, poa kama kwa timu kuna watu hawajui Git, lakini angalia bei timu ikikua.

MkDocs na Docusaurus zinatoa kurasa ambazo unaweza kuweka GitHub Pages bure, bora mradi uwe wazi kwa umma.

Sasa unachagua aje? Jiulize haya

Nani anasoma? Developa anataka mifano ya kunakili. Mhasibu wa sacco anataka picha na hatua, na pengine anafungua kwa simu yenye bando ya soo moja. Ukurasa mzito utamfungia nje.

Nani ataandika? Kama ni watu wasiojua Git, ukiwaletea Docusaurus hawataandika kitu. Kifaa kizuri ni kile watu watatumia Ijumaa jioni wakiwa wamechoka.

Maelezo yanakaa wapi? Yakikaa folda moja na kodi, ukibadilisha moja unabadilisha ingine kwa mpigo. Yakikaa mbali, baada ya miezi mitatu yatakuwa yanadanganya watu. Na maelezo ya uongo ni mabaya kuliko kukosa.

Ukitaka kutoka unatoka? Markdown na OpenAPI unabeba na kuhama nazo. Kampuni ikipandisha bei usiku, hutaki kuwa unanakili kurasa mia mbili kwa mkono.

Na kitu moja usisahau: usiwahi weka funguo zako za siri kwa mfano. Weka za uongo. Msee akiokota ufunguo wako wa malipo mtandaoni, hiyo hasara itakufuata hadi ushago.

Kifaa hakiandiki, wewe ndio unaandika

Kuna jamaa anaitwa Daniele Procida ambaye amegawanya dokumentesheni mara nne, mpango unaoitwa Diátaxis: somo la kuanzia, hatua za kumaliza kazi fulani, orodha ya kila kitu kilichopo, na maelezo ya kwa nini mambo yako hivyo. Swagger inakupa ile ya tatu tu. Hizo zingine lazima ukae chini uandike kama binadamu.

Na hapo ndio wewe mwenye kujua kuandika unaingia. Kuandika dokumentesheni ni kazi kamili, watu hulipwa kwayo, na wengi hufanya wakiwa nyumbani. Mradi wowote ulio wazi GitHub wenye README mbovu ni mahali pa kuanza. Irekebishe, waitumie, hapo tayari una kitu ya kuonyesha mtu akikuuliza umefanya nini.

Sasa mwisho wa stori yangu. Miezi sita baada ya ile aibu ya sacco, mresh mwenye duka la viatu niliyemjengea mfumo akanipigia. Seva imehama, kila kitu kimezima, anauliza tunaiwasha aje. Nikafungua folda yangu. Hakuna README. Hakuna komenti. Hata mimi mwenyewe sikukumbuka. Nikakaa hapo kejani nikiangalia kodi niliyoandika kwa mikono yangu kama barua ya Kichina.

Yule jamaa niliyekuwa namtukana aliyeruka majuu, kumbe ni mimi.

So usiku wa leo fungua mradi wako mmoja. Andika README ya vitu vinne. Kesho mpe beshte yako, kaa kando, ufunge mdomo, umwangalie akijaribu kuiwasha. Pale atakwama, hapo ndio pa kuandika. Kisha uchague kifaa.