Amri ya Tano na Moshi wa Barabara

Wakristu wengi wanajua kwamba amri ya tano inakataza kuua kwa kisu au kwa sumu. Ni wachache wanaofikiri juu ya sumu itokayo katika bomba la kamio. Sisi mapadri huombwa mara nyingi kubariki magari, nao wakatekista huulizwa maana ya baraka hiyo. Inafaa basi tuelewe jambo hili.

Tuangalie barabara itokayo Kolwezi, kupita Likasi na Lubumbashi, mpaka Kasumbalesa. Makamio hupita humo yakipeleka shaba na kobalti Zambia na mbali zaidi. Kando yake kuna nyumba za watu, nyumba za masomo, na wamama wauzao unga na mboga. Hao wanapata nini?

Kwanza, moshi wa mazutu. Ndani yake mna masizi madogo sana, hata unywele mmoja unayapita kwa unene zaidi ya mara ishirini. Pua haiwezi kuyazuia. Yanashuka mpaka ndani ya mapafu, na mengine yanaingia katika damu na kudhuru moyo. Mwaka 2012 ofisi ya kansa ya Shirika la Afya la Dunia ilihesabu moshi huo kati ya vitu viletavyo kansa kwa watu.

Pili, vumbi. Katika njia zisizo na lami, kadiri gari linavyokimbia ndivyo vumbi linavyozidi. Linaanguka juu ya chakula, na mgonjwa wa pumu anakosa pumzi.

Je, mambo haya yaweza kubadilika? Ndiyo. Tangu mwaka 1923 madini ya risasi yalitiwa katika esansi, yakadhuru akili za watoto. Nchi zikayakataza moja moja, na mwaka 2021 Algeria, iliyokuwa ya mwisho, ikaacha kuuza esansi hiyo kwa magari.

Kanisa halikunyamaza. Mtaguso wa Vatikano II, katika Gaudium et spes (1965), namba 30, uliwalaumu wanaodharau sheria za afya na za mwendo wa magari. Mwaka 2007 Roma ilitoa amri kumi za madereva. Ya kwanza ni: Usiue.

Basi, aombaye baraka ya gari aelezwe wajibu wake: kutunza motere, kuizima mbele ya kanisa na masomo, kupunguza mwendo penye vumbi. Wakatekista wawashauri watu kuweka soko mbali na njia. Na gari la misioni litangulie kutoa mfano.