Upishi wa Pombe Nyumbani, Sehemu ya Pili: Maji

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kimea cha mtama na cha shayiri kinavyooteshwa, kuanikwa na kusagwa. Leo tumeyafikia maji, ambayo aghalabu mpishi huyadharau kwa kuwa yako tele, hususa sisi tukaao Mwanza kando ya ziwa lenye eneo lipatalo kilomita za mraba 68,800, ilhali hata katika bia nzito maji ndiyo sehemu kubwa ya kile anachokinywa mtu. Wasomaji ambao dini yao yawakataza kileo wataniwia radhi, na pengine watafaidika kwa togwa lao.

Ada ya watu ni kuyasifu maji kwa wangavu wake na kwa kukosa harufu, na sifa hizo zatosha kwa mwenye kiu, lakini hazimtoshi mpishi, kwa sababu kinachoiamuru pombe ni chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji, zisizoonekana kwa jicho. Kubwa katika hizo ni mbili. Ya kwanza ni kalsiamu, ambayo huvisaidia vimeng'enya vya kimea katika kazi yao, na baadaye huifanya chachu itulie chini na pombe ing'ae. Ya pili ni bikaboneti, ambayo tabia yake ni kupingana na asidi. Kimea cha shayiri kikikorogwa katika maji moto hutaka uchachu wa wastani, wa pH 5.2 hadi 5.6, ndipo wanga ugeuke sukari barabara. Basi maji yenye bikaboneti nyingi huupinga uchachu huo, sukari ikapungua, na maganda ya nafaka yakatoa ukakasi usiopendeza ulimini.

Wapishi wa kale wa Ulaya hawakuwa na elimu hii, ila waliyatii maji yao bila ya kujua. Dublin, kwenye maji ya chokaa yenye bikaboneti, ilipata jina kwa pombe nyeusi, kwa kuwa kimea kilichokaangwa mpaka kikaungua kina asidi yake ya kuyakabili maji hayo. Burton-on-Trent, ambako visima vimejaa jasi, ilisifika kwa pombe kavu yenye uchungu wa hopsi. Na Pilsen, katika nchi ya Bohemia, maji yake matupu yalimwezesha Josef Groll mwaka 1842 kupika bia ya rangi ya dhahabu ambayo leo imeigwa duniani kote.

Na ajabu ni kwamba maji ya Ziwa Victoria yanafanana na yale ya Pilsen kuliko ya miji hiyo mingine. Ziwa hili sehemu yake kubwa sana hulishwa na mvua inyeshayo juu yake lenyewe, si na mito, na majabali ya Mwanza ni ya mawe ya kale ambayo hayayeyuki upesi. Kwa hiyo kalsiamu yake ni kama miligramu 6 tu kwa lita, na bikaboneti yake ni ya wastani. Upungufu uliopo ni wa kalsiamu, na dawa yake ni nyepesi: gramu 4 za jasi safi ya kutilia chakula, si ile ya mafundi ujenzi, katika ndoo ya lita 20, huipandisha hadi karibu miligramu 50, nacho ndicho kiasi wanachokitaka wapishi wengi wa bia ya shayiri. Anayepika pombe ya mtama iliyoachwa ichachuke hana haja hata ya hilo.

Mambo hubadilika tukiliacha ziwa na kuingia bara. Visima vingi vya Shinyanga na baadhi ya sehemu za Kwimba vina floridi iliyozidi, na maji ya namna hiyo aghalabu huwa na bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamaa wa karibu wa magadi. Bikaboneti ya kalsiamu hushuka chini ikichemshwa, ikaacha ukoko mweupe sufuriani. Hii ya sodiamu haishuki, na floridi nayo haitoki kwa moto, bali huzidi kukolea kadiri mvuke unavyopotea. Asiye na vipimo apike chai ya rangi kwa maji ya kisima na nyingine kwa maji ya mvua, majani na muda vikiwa sawa: ile ya kisima ikiwa nyeusi na kufifia, ajue kuwa maji hayo yanapingana na asidi. Wakati mwingine weusi huo hutokana na madini ya chuma, ambayo pia huitia weusi pombe ya mtama mwekundu. Kwa vyovyote vile kisima hicho hakimfai, na afadhali akinge mvua kutoka batini, akimwaga ile ya kwanza iliyoosha vumbi.

Hata maji ya ziwa si mamoja. Yale ya bomba, yanayovutwa Capri Point na kusafishwa, yana klorini, ambayo ikikutana na nafaka huleta ladha ya dawa ya hospitali. Yachemshwe kwanza, au yalale wazi usiku kucha. Yale ya ufukweni yana hatari ya kichocho, nayo humpata zaidi yule anayeingia majini kuyateka kuliko yule atakayeinywa pombe iliyopikwa. Na pindi maji ya ghuba yanapofunikwa na utando wa kijani wa mwani, yasitekwe kabisa, kwani sumu ya baadhi ya mwani huo haiharibiwi kwa kuchemshwa.

Jambo linalonishughulisha zaidi ya yote hayo ni maji yasiyofika motoni. Mpishi huchemsha pipa zima kwa kuni za thamani, kisha akasuuza mitungi, au akaizimua pombe iliyokolea, kwa maji mabichi ya ndoo. Na uchachu, ijapokuwa hudhoofisha vijidudu vingi, hautendi kazi hiyo papo hapo. Lubisi ya Bukoba ina hatari hiyo tangu mwanzo, maana ndizi hukamuliwa kwa majani, maji yakaongezwa, unga wa mtama ukatiwa, na mchanganyiko ukaachwa kuchachuka pasipo kuonja moto. Apikaye lubisi basi achemshe maji yake jioni, ayafunike, na kukamua asubuhi yakiwa yamepoa. Habari ya chachu itafuata katika sehemu ya tatu.